Swichi Inayokufa Kimya Ndani ya Inveta

Kazi yangu hapa Kisumu ni kutengeneza inveta, yaani vigeuzi vya umeme, na draivu, yaani vifaa vinavyodhibiti kasi ya mota, na katika makala haya nataka kueleza jambo moja ambalo naamini kila fundi wa umeme wa eneo hili, kuanzia Nakuru hadi Busia, anapaswa kulijua kwa kina. Swichi iliyomo ndani ya kigeuzi cha umeme hufa kwa njia mbili, na ile njia isiyo na kelele ndiyo inayotugharimu zaidi. Pampu za kunyunyizia mashamba, vinu vya kusaga mahindi, feni za kukausha majani ya chai, visima vinavyoendeshwa kwa sola na hata pikipiki za umeme zinazobeba abiria mjini, zote hutegemea swichi hizi, na mwenye mashine kwa kawaida hajui kwamba zipo mpaka siku mota inapoanza kutetemeka.

Nianze na mpangilio wenyewe. Draivu ya fezi tatu inayotumia umeme wetu wa volti 415 na hezi 50 hupokea mkondo geu (AC), huupitisha kwenye dayodi, ambazo hupitisha mkondo upande mmoja tu, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa takriban volti 560, ambao hutulizwa na kapasita kubwa zinazohifadhi chaji. Kutoka hapo swichi sita huukata mkondo huo vipande vipande, maelfu ya mara kwa sekunde, ili mota ipate fezi tatu zenye kasi na nguvu tunayoitaka. Swichi hizo zimepangwa mbili mbili: kila fezi ina swichi ya juu inayoiunganisha na reli chanya ya mkondo huo mnyoofu, na swichi ya chini inayoiunganisha na reli hasi. Katika draivu nyingi za viwandani swichi hizo ni transista, yaani swichi za kielektroniki, za aina ya IGBT, na kila moja ina dayodi kando yake iliyoelekezwa upande wa pili, ili mkondo wa koili za mota upate pa kupita wakati transista imezimwa. Msomaji aikumbuke dayodi hiyo, kwa sababu ndiyo itakayomhadaa fundi mwenye mita mkononi.

Njia ya kwanza ya kufa ni shoti. Swichi ya juu ikipiga shoti na ile ya chini ikaamriwa kuwaka, reli chanya na reli hasi hukutana, na mkondo hupanda kwa kasi ambayo fyuzi ya kawaida haiwezi kuiwahi. IGBT nyingi za viwandani hustahimili hali hiyo kwa takriban maikrosekunde 10 tu, na transista mpya za silikoni kabaidi mara nyingi hustahimili 2 au 3. Kwa hiyo ulinzi huwekwa katika sakiti ile ile inayoendesha geti, yaani mguu wa transista unaopokea amri ya kuwaka. IGBT iliyowaka vizuri huwa na volti zipatazo 2 kati ya kolekta na emita, miguu miwili ambayo mkondo mkubwa hupita kati yake. Mkondo ukizidi uwezo wake volti hiyo hupanda ghafla, na sakiti ikiona imevuka kiwango kilichowekwa, mara nyingi karibu volti 7, huzima transista na kupeleka ishara ya hitilafu. Kuzima huko hufanywa polepole kwa makusudi. Ukiukata mkondo wa ampea 1,000 ndani ya maikrosekunde 0.1, huku nyaya na mabamba ya ndani yakiwa na induktansi, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, ya nanohenri 50 peke yake, unazalisha volti 500 zinazojumlishwa na zile 560, na moduli, yaani kifurushi kinachobeba transista hizo, iliyotengenezwa kustahimili volti 1,200 inakaribia mwisho wa uwezo wake. Huu ni uhandisi mzuri ambao nauheshimu sana. Kwa sababu yake, draivu nyingi zenye shoti hujizima, huandika msimbo wa hitilafu kwenye kioo, na mwenye mashine hunipigia simu siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ni swichi kushindwa kuwaka. Amri inatoka kwenye bodi, lakini transista haipitishi kitu. Hapa hakuna mlipuko, hakuna harufu, na mara nyingi hakuna msimbo wowote, kwa kuwa ulinzi wa draivu nyingi umewekwa kukamata mkondo uliozidi, na hapa mkondo wa fezi moja umepungua. Mota inayozunguka tayari itaendelea kuzunguka, kwa sababu swichi tano zilizobaki bado zinaisukuma. Lakini tuziite fezi tatu za mota U, V na W, na uchukulie kwamba swichi ya juu ya fezi V ndiyo iliyonyamaza. Mkondo wa fezi hiyo hautaweza tena kutoka kuelekea kwenye mota katika nusu chanya ya mzunguko. Itabaki nusu hasi peke yake. Wastani wa mkondo ambao ulipaswa kuwa sifuri sasa umelalia upande wa hasi, na kwa kuwa mota ina nyaya tatu tu na jumla ya mikondo yake lazima iwe sifuri, fezi U na W hulazimika kubeba wastani chanya wa kufidia. Sehemu hii ya mkondo mnyoofu ndani ya koili haizalishi kazi yoyote yenye manufaa. Huipasha mota joto, hufanya nguvu ya kuzungusha ipande na kushuka katika kila mzunguko wa umeme, hutikisa beringi na kiungio cha pampu, na huzibebesha swichi zilizo nzima mzigo ambao hazikupangiwa, hata nyingine ikafuata kufa, na hiyo ya pili huenda ikafa kwa shoti.

Nimeliona jambo hili kwa uwazi kabisa katika shamba moja la mpunga kwenye nyanda za Kano, karibu na Kisumu, ambako pampu ilikuwa ikipandisha maji kwenye mfereji. Mota ilianza kunguruma, beringi zikabadilishwa. Ngurumo ikaendelea, mota ikapelekwa kufungwa koili upya. Iliporudishwa, msimamizi wa pampu, mtu mzima aliyeifahamu mashine ile kwa sauti yake, aliniambia, "Fundi, pesa ya koili tumelipa, na bado inalia vilevile." Nikamjibu, "Mzee, mota hatutaigusa kwanza. Niruhusu nipime nyaya tatu zinazotoka kwenye draivu." Nilipima mkondo mnyoofu, na vipimo vilikuwa takriban ampea 9 hasi kwenye V, 5 chanya kwenye U na 4 chanya kwenye W. Hapakuhitajika kingine cha kujadili: swichi ya juu ya V ilikuwa haiwaki, na koili zile zilikuwa hazina kosa tangu mwanzo.

Nieleze kipimo hicho kwa uangalifu, kwa sababu hakihitaji kifaa cha bei kubwa lakini kinahitaji kifaa sahihi. Klampu mita nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hupima mkondo geu pekee, kwa kuwa ndani yake mna transfoma, na transfoma haiwezi kuonyesha wastani wa mkondo mnyoofu. Fundi akiitumia ataona fezi hazilingani na huenda akailaumu mota au nyaya, wala hataiona alama ya chanya au hasi inayotaja swichi. Anayetaka kufanya kazi hii anunue klampu mita yenye kihisi cha Hall, kinachohisi usumaku wa mkondo, inayopima mkondo mnyoofu pia. Aiweke sifuri kabla ya kubana waya, aelekeze mshale wake upande wa mota katika nyaya zote tatu bila kubadilisha, aiendeshe draivu kwenye hezi 40 au 50 ikiwa na mzigo, kisha asome. Draivu isiyo na hitilafu itaonyesha sifuri au karibu na sifuri kwa kila waya. Kukiwa na fezi moja yenye hasi kubwa na mbili zilizobaki zikiwa chanya, swichi ya juu ya fezi hiyo ndiyo mshukiwa. Ikiwa ni chanya kubwa, mshukiwa ni swichi ya chini. Katika hezi za chini, tuseme 5 au 10, namba huyumba kwenye kioo kwa sababu mita inaufuata mkondo wenyewe badala ya wastani wake, na usomaji huo usiaminiwe.

Kuna jambo jingine linaloweza kufanana na swichi mbovu, nalo ni kihisi cha mkondo kilicho ndani ya draivu yenyewe. Kihisi kikipotoka, draivu inayodhibiti mkondo kwa karibu huamini uongo wake na kuusukuma mkondo mnyoofu kwenye mota iliyo nzima, ikidhani inasawazisha. Kuvitofautisha si vigumu iwapo draivu inaonyesha mikondo ya fezi zote tatu. Linganisha namba zake na za klampu mita yako. Vikikubaliana kwamba fezi moja imeharibika, shuku swichi. Draivu ikisema yote ni sawa huku mita ya nje ikionyesha vingine, shuku kihisi. Tena, jumla ya vipimo vya draivu ikiwa si sifuri katika mota ya nyaya tatu, basi ama kihisi kimoja kinadanganya ama mkondo unavuja kwenda ardhini, na swichi haina hatia katika mambo hayo mawili.

Hesabu inayofanywa na draivu za kisasa kujitambua zenyewe ni ile ile, ila imepangwa kwa ustadi zaidi. Mhandisi Mmarekani Edith Clarke, ambaye mwaka 1947 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuwa profesa wa uhandisi wa umeme, alituachia njia ya kuigeuza mikondo mitatu ya fezi kuwa miwili tu inayoweza kuchorwa kwenye karatasi. Ukiichora hiyo miwili wakati mota inazunguka vizuri, nukta huzunguka na kuchora duara. Swichi moja ikishindwa kuwaka, duara hukatika na kubaki nusu, na upande uliokatika huonyesha ni swichi ipi. Programu ya draivu inaweza kufanya hivyo bila kihisi kipya hata kimoja, kwa kuwa mikondo tayari inapimwa. Kinachobaki ni kuugawa wastani wa kila fezi kwa ukubwa wa mkondo wenyewe, ili kipimo kisibadilike kila mara mzigo unapopanda au kushuka, na kungoja angalau mzunguko mmoja mzima kabla ya kutoa hukumu. Mzunguko mmoja katika hezi 50 ni milisekunde 20. Katika hezi 10 ni milisekunde 100. Mzigo ukiwa mdogo sana mikondo nayo huwa midogo, kelele za vipimo huonekana kama hitilafu, na ndiyo sababu programu nzuri hukataa kutoa hukumu chini ya kiwango fulani cha mkondo. Ziko pia njia za kulinganisha volti iliyoamriwa na volti iliyotokea kwenye fezi. Hizo ni za haraka zaidi, hazingoji mzunguko uishe, lakini mara nyingi hudai sakiti za ziada. Kwa maoni yangu, kwa pampu na vinu vyetu, njia ya wastani wa mkondo inatosha kabisa, na ninasikitika kwamba draivu nyingi za bei ya chini zinazofika huku huja bila hata hiyo, ilhali gharama yake ni mistari michache ya programu.

Sasa niirudie ile dayodi. Draivu ikiletwa mezani, fundi wengi huweka mita kwenye alama ya dayodi na kupima kati ya kila reli na kila fezi. Kipimo hicho ni kizuri kwa kutafuta shoti: sehemu iliyopiga shoti husoma sifuri pande zote mbili. Lakini kwa swichi isiyowaka hakina msaada, kwa sababu mita inapima dayodi iliyo kando, na dayodi inaweza kuwa nzima huku transista iliyo ubavuni mwake haifanyi kazi. Moduli yenye transista mfu itasoma volti 0.4 kote na kupitishwa kuwa nzima. Nimewaona vijana hodari wakirudisha moduli kama hiyo kwenye mashine kwa imani kamili, na kosa halikuwa lao, kwa kuwa hicho ndicho kipimo pekee walichofundishwa. Transista hupimwa kwa kuamriwa iwake. Moduli ikiwa imetolewa kwenye bodi, unaweka betri ya volti 9 kati ya geti na emita, upande chanya kwenye geti, kisha unapima kutoka kolekta kwenda emita. Transista nzima itapitisha, na itaendelea kupitisha hata betri ikiondolewa, mpaka uunganishe geti na emita kuondoa chaji iliyobaki. Kabla ya yote hayo, bila shaka, draivu izimwe, isubiriwe kwa muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, na volti kati ya reli zipimwe kwa mita, kwa kuwa kapasita zile zinaweza kuua muda mrefu baada ya umeme kukatwa.

Katika draivu ile ya Kano, transista ilifaulu kipimo cha betri. Ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni kapasita ndogo kwenye ugavi wa volti unaolisha sakiti ya geti ya swichi ile ya juu. Ilikuwa imekauka, volti 15 zilizotakiwa zikashuka hadi karibu 10, na chipu ya kuendesha geti imetengenezwa kukataa kuwasha transista volti zikipungua chini ya 11 au 12. Chipu ilifanya sawasawa, lakini ya aina ile haina njia ya kuiarifu bodi kwamba imekataa. Ni vyema fundi ajue pia kwamba katika draivu nyingi ndogo kila swichi ya juu ina ugavi wake pekee, ilhali swichi tatu za chini hushiriki mmoja. Kwa hiyo swichi moja ya juu inaponyamaza peke yake, ugavi wake ukaguliwe kabla ya kuagiza moduli mpya, ambayo bei yake inaweza kuwa mamia ya mara ya bei ya kapasita.

Pale ambapo transista yenyewe ndiyo imekufa kwa kutowaka, mara nyingi chanzo ni joto linalopanda na kushuka. Chipu ya silikoni imeunganishwa na vituo vyake kwa nyuzi za alumini, na alumini hutanuka kwa joto zaidi ya mara saba kuliko silikoni. Kila mara mota inapoanza na kusimama, kiungo kati yao huvutwa na kuachiliwa, kama waya unaokunjwa huku na huku, mpaka uzi mmoja unabanduka, nyuzi zilizobaki zinabeba mkondo wake, nazo zinabanduka kwa haraka zaidi. Kinachobandua nyuzi ni idadi ya mizunguko ya joto na ukubwa wake, kwa hiyo pampu inayoendeshwa mfululizo mchana kutwa huichosha moduli kidogo kuliko ile inayowashwa na kuzimwa kila dakika chache na swichi ya tangi. Pampu za sola za eneo letu zina shida ya pekee, kwa sababu mawingu ya alasiri hupita mbele ya jua tena na tena, na kila wingu ni mzunguko mmoja wa joto. Volti ya transista iliyowaka huanza kupanda kabla haijafa, na wanaozijaribu moduli maabarani mara nyingi huihesabu kuwa imefika mwisho volti hiyo ikiongezeka kwa asilimia 5.

Mahali nako kuna uzito wake. Watengenezaji wengi huandika uwezo wa draivu kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na hushauri upunguze mkondo kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 za ziada, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza kidogo. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130, haiathiriki sana. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, inapaswa kupunguziwa asilimia 8 au 9, na Eldoret takriban asilimia 11. Mara nyingi draivu huchaguliwa kwa kilowati za mota tu, na mwinuko husahauliwa. Kando ya ziwa tuna wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi kama moshi na kufuata taa usiku. Miili yao huziba pangaboi na mapezi ya kupozea, na mijusi huingia kabatini kuwafuata. Kusafisha njia ya hewa ni kazi duni machoni pa wengi, lakini hupunguza nyuzijoto za chipu moja kwa moja.

Kwa waendeshaji wa pikipiki za umeme nina neno fupi. Kidhibiti cha mota ya gurudumu nacho kina swichi sita, transista za aina nyingine iitwayo MOSFET. Swichi ikishindwa kuwaka, pikipiki hukwamakwama inapoondoka na kutoa mlio. Ikipiga shoti, gurudumu huwa zito kusukuma hata betri ikiwa imetolewa, kwa sababu sumaku za mota huzalisha umeme unaozunguka kupitia swichi iliyopiga shoti na kulifunga breki gurudumu. Chomoa nyaya tatu nene za mota, usiache ncha zake zigusane, kisha usukume tena. Gurudumu likiwa jepesi, kidhibiti ndicho kibovu, na mota isifunguliwe.

Baada ya matengenezo, usiirudishe draivu kwenye volti 560 moja kwa moja. Reli zilishwe kwanza kutoka ugavi mdogo wenye kikomo cha mkondo, bodi ikipata umeme wake kando, na kila geti lichunguzwe kwa osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, kama linapata volti 15 na kushuka ipasavyo. Krimu ya kupitisha joto ipakwe upya kwa unene mdogo, na skrubu za moduli zikazwe kwa kupishana, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kisha mota iunganishwe, iendeshwe na mzigo wake halisi, na mkondo mnyoofu wa nyaya zote tatu upimwe tena kwa klampu mita ile ile. Mimi huziandika namba hizo tatu kwa kalamu isiyofutika kwenye upande wa ndani wa mlango wa kabati, pamoja na tarehe, hezi na mkondo wa mzigo, ili fundi atakayekuja baada yangu, awe ninamjua au simjui, awe na cha kulinganisha nacho kabla hajaifungua mota.